Huna Kitu

Januari yote nimeshona sare.
Kaptula za kaki, sketi za bluu, kola mia na ushee,
mguu kwenye pedeli, shingo mbele kama kobe,
hapa Kanyenye, barazani,
akina mama wamenisimamia kichwani: Shule Jumatatu, fundi!

Kisha mkono ukaanza.
Kiwiko kwanza. Halafu kidole gumba,
ganzi ya ajabu, kama sindano iliyolala ndani ya nyama,
kila nikiitafuta, inahama.
Usiku nalalia ubavu mmoja, naamka nimechoka
kama niliyeshinda stesheni nikipakia magunia.

Kitete wakanipiga picha.
Daktari akaiinua dirishani, akaikodolea macho:
Mfupa mzima, mama. Huna kitu.
Nimelipa elfu thelathini kuambiwa sina kitu.
Nikahesabu nauli ya kurudi.
Kweli, sikuwa na kitu.

Maumivu yasiyo na jina hupewa jina na majirani.
Mama Nyanzala akasema jini.
Wifi yangu, ameinamia karai la matembele, hakuinua uso:
Uvivu huo.
Nikameza diklofenaki mpaka tumbo nalo likafungua kesi yake.

Mhoja Sizya ana chumba Isevya, nyuma ya duka la asali,
godoro jembamba, shuka safi,
kalenda ya ushirika wa wafuga nyuki, ya mwaka juzi.
Nikamnyooshea kiwiko. Hakukitazama.
Geuka, akasema.

Vidole vyake vikatembea mgongoni polepole,
kama mimi nipapasavyo kitambaa umeme ukikatika
nikitafuta upande wa nje.
Vikapita. Vikarudi. Vikasimama
kwenye bapa la bega, penye punje ngumu
mfano wa harage lililokataa kuiva.
Akabonyeza

na kidole gumba changu, kule mbali, kikalia.

Hapo?
Hapo! Nani kakuambia?
Kati ya moja na kumi? Tisa. Pumua.
Hakusugua, hakukanda, alitulia tu,
dole moja na uzito wote wa subira yake.
Sasa? Saba. Usibane meno.
Sasa?
Nne.
Kitu kikalegea, wala si kwa kishindo,
kama asali ya miyombo asubuhi ya baridi
inapokubali hatimaye kutoka kwenye chupa.

Akasema: Mkono wako si mwongo.
Unaisema shida ya bega, maana bega halina sauti.

Nami, fundi wa miaka kumi na tisa, nikaona haya.
Nguo ikijikunja kwenye pindo, nani hutafuta kosa pindoni?
Unainua cherehani, unatazama bobini.
Hilo namfundisha kila mwanafunzi wangu wiki ya kwanza.
Mwili wangu sikuwahi kuufunua kifuniko.

Sijapona kama wanavyopona kwenye matangazo.
Idi ikikaribia, kanzu zikirundikana, punje inarudi.
Ila sasa nina mpira wa tenisi ndani ya soksi,
mali ya mwanangu Kasubi; tumekubaliana,
mchana wake, usiku wangu.
Naubana kati ya bega na ukuta,
napanda, nashuka, kama ng'ombe anayejikuna kwenye mti.
Mume wangu anacheka. Treni ya Kigoma inapiga honi.
Ukuta umeota doa la mviringo.

Jana wifi kaja barazani akichechemea.
Hakutaja jini. Hakutaja uvivu.
Goti, wifi. Wamepiga picha. Eti sina kitu.
Akainama kulishika, anionyeshe.

Nikaweka mkasi chini.
Liache goti, nikamwambia. Geuka.